Sifuri Iko Wapi?

Mhadhara kwa walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi, Munanila

Wazee wangu, walimu wenzangu, kina mama mlioacha palizi ya maharage ili mje kusikia habari za kuruka, nanyi vijana mliojazana madirishani: mwakeye.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo ambavyo binadamu amevibuni ili aruke zaidi, na ili ajue ameruka kiasi gani. Nilipoulizwa nitahitaji nini, nilijibu: chaki, ukuta, simu moja yenye kamera, na futi kamba. Mwenyeji wangu alinyamaza kidogo. Alikuwa ameshaazima jenereta.

Nianze na futi kamba, maana ndiyo iliyoniingiza katika mambo haya.

Nilipokuwa darasa la sita, katika shule moja ya huku huku milimani, mwalimu wetu wa michezo alipimia kuruka chini kwa futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa yenye sentimita 150. Bingwa wa shule nilikuwa mimi. Ubaoni paliandikwa kwa chaki ya rangi: mita 4 na sentimita 40. Futi ilikuwa fupi kuliko mruko, kwa hiyo mwalimu aliilaza mara tatu. Anailaza ya kwanza, anachomeka kijiti mchangani. Anailaza ya pili, kijiti kingine. Ya tatu anainama kusoma, nasi tumemzunguka tumeshika pumzi. Tukaenda wilayani kifua mbele. Huko walikuwa na tepu ya chuma, mtu mmoja ameshika mwanzo na mwingine mwisho. Niliruka mara tatu. Mruko wangu bora ulisomwa mita 4 na sentimita 21. Wenzangu walisema nimeshiba ugali wa wenyeji. Bibi yangu alisema nimetupiwa jicho. Mimi niliulaumu mchanga wa wilayani, nikalala njiani kwenye lori nikiwa nimejifunika uso nisionekane ninalia.

Miaka mingi baadaye mwalimu alistaafu, akaniita kwake na kunikabidhi ile futi, huku akicheka hadi machozi. Alikuwa amepima madirisha ya nyumba yake mpya kwa futi hiyo, fundi akakata kitambaa kwa futi yake mwenyewe, na mapazia yote yakaja yanaburuta sakafuni. Hapo ndipo alipoitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kabla haijamfikia, ncha yake iliungua kwa pasi ya mkaa. Mwenyewe aliikata kwa mkasi palipoungua, na namba ya kwanza iliyobaki ilikuwa saba.

Saba mara tatu ni ishirini na moja. Kumbe siku zote nilikuwa naruka mita 4 na sentimita 19. Wilayani niliongeza sentimita mbili. Siku ile niliyolia ndiyo siku niliyoruka kuliko siku zote za utoto wangu, na hakuna aliyejua.

Tangu hapo nikionyeshwa chombo chochote cha kupimia, kiwe cha chaki au cha kompyuta, swali langu ni moja: sifuri iko wapi? Kipimo kimeanzia wapi? Mtaona kwamba swali hili dogo limewatoa jasho watu wakubwa kuliko mwalimu wangu.

Tuvuke mpaka, na kwetu sisi hiyo si safari. Burundi iko hapo ng'ambo ya vilima, na Kirundi na Kiha chetu ni ndugu. Akisema mtu gusimba, yaani kuruka, hapa hatuiti mkalimani. Endelea kaskazini hadi Rwanda utakuta gusimbuka urukiramende, mchezo wa vijana wa ikulu ya mwami: miti miwili inasimikwa, tete linalazwa kati yake, na mtu anakimbia na kulipita juu kwa juu. Agosti 1907 Adolf Friedrich, mtoto wa ukoo wa kitawala wa Mecklenburg huko Ujerumani, alifika Nyanza kwa Mwami Yuhi Musinga akiongoza msafara wa kitaalamu. Aliandaliwa michezo. Picha iliyopigwa imezunguka dunia tangu siku hizo: kijana yuko hewani amekunja miguu, na chini ya tete wamesimama Wazungu wawili, kofia zao ziko mbali na tete. Ikaandikwa kwamba mruko bora wa siku ile ulikuwa mita 2.50.

Itafakarini namba hiyo. Mwaka ule rekodi ya dunia ilikuwa mita 1.97, iliyowekwa na Michael Sweeney wa Marekani mwaka 1895. Leo rekodi ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Kuba, tangu 1993, na hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo, tukiisoma picha kama ilivyosomwa, kijana wa Nyanza asiye na kiatu wala godoro la kuangukia angempiga Sotomayor kwa sentimita tano, miaka 86 kabla ya wakati wake.

Lakini mrukaji hakuondokea chini. Mbele ya tete palikuwa na kidundu cha udongo wa kichuguu, kimo chake kama futi moja, na hapo ndipo alipokanyagia. Kipimo kilianzia ardhini. Mguu ulianzia juu ya kichuguu. Ondoa futi hiyo, ambayo ni sentimita 30, unabaki na mita 2.20. Tena hata hiyo siwezi kuiapia. Tete ni jepesi na hunepa katikati, na mwamuzi makini hupima pale linaponepa, si kwenye mti. Futi kamba ya siku ile ilisimama wapi, picha haisemi.

Watu wengi wakifika hapo hucheka na kusema, basi ulikuwa uongo. Mimi nasema wale vijana walidhulumiwa. Dunia ilivuka mita 2.20 katika mashindano rasmi mwaka 1960, kwa mguu wa John Thomas wa Marekani. Kama vijana wa Musinga waliruka hata mita 2.05 za haki, wakaangukia udongo mgumu, walikuwa mbele ya dunia nzima. Tungekuwa na namba yao leo. Badala yake tuna hadithi, na hadithi hubebeshwa mizigo. Ile picha ilikuja kutumiwa kama ushahidi kwamba kuna watu walioumbwa kuruka na kutawala, na wengine walioumbwa kulima. Mwingereza mmoja, John Bale, aliandika kitabu kizima mwaka 2002 juu ya picha hizo na madai yake. Sisi wa nchi ya Buha tuliokulia jirani na maneno hayo, na tuliowapokea waliokimbia matokeo yake, hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Futi moja ya udongo, ndugu zangu.

Msidhani kichuguu ni cha Waafrika. Julai 1957, mjini Leningrad, Yuri Stepanov wa Urusi ya Kisovieti aliruka mita 2.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Picha zilipotoka, watu waliacha kutazama mwili wake wakatazama kiatu. Mguu wa kuondokea ulikuwa na soli nene kama tofali la sabuni. Rekodi aliachiwa, ila kanuni ikabadilishwa: soli ya mruka juu isizidi milimita 13. Kichuguu kilikuwa kimehamia kiatuni. Na miaka mitatu kabla yake, kule Vancouver katika michezo ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, dhahabu ya kuruka juu ilichukuliwa na Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria, kiatu mguu mmoja, mwingine mtupu. Fedha ilikwenda kwa Patrick Etolu wa Uganda, jirani yetu. Nawataja kwa sababu hapa tumezoea kuambiwa kwamba Afrika Mashariki ni ya kukimbia tu.

Sasa njoo kwenye chaki.

Mwaka 1921 daktari mmoja wa Marekani, Dudley Allen Sargent, aliyetumia maisha yake kufundisha mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala akidai kwamba ukitaka kujua nguvu ya mtu mzima kwa jaribio moja tu, mwambie aruke juu kutoka pale aliposimama. Katika umbo la mwanzo mrukaji alilenga kitu kilichoning'inizwa juu ya kichwa chake. Ukuta na chaki vilifuata, na jina la Sargent likabaki.

Jaribio lenyewe mnalijua hata kama hamjui jina. Unasimama ubavu kwa ukuta, nyayo zote chini, unanyoosha mkono hadi mwisho, unaweka alama. Kisha unachuchumaa kidogo, unaruka, unapiga alama ya pili. Unapima kati ya alama na alama. Uzuri wake uko hapo: hatupimi mkono wako umefika wapi, tunapima umepanda kiasi gani kutoka kwenye sifuri yako mwenyewe. Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ana urefu wa sentimita 221. Angepiga alama ambayo hakuna mtu humu ndani angeigusa hata kwa ngazi ya jikoni. Swali la Sargent halimtambui kwa urefu. Linamuuliza kama linavyomuuliza mtoto wa darasa la tatu: umejiongezea nini?

Udhaifu wake uko hapo hapo. Sifuri ya Sargent imo begani. Mtoto mjanja ananyoosha mkono nusunusu anapoweka alama ya kwanza, bega limelala, kiwiko kimekunjika kidogo tu. Sentimita tano hizo, hajaruka bado! Nimewahi kumkuta mmoja, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, bega linauma." Liliacha kuuma aliporuka. Dawa ni kumsimamia: mshike kiwiko, mwambie aisukume dari, kisigino kisinyanyuke, ndipo apige alama.

Wenye fedha wana mlingoti uitwao Vertec, wenye vijiti vya plastiki vilivyopangwa juu kwa juu vikipishana nusu inchi. Ukiruka unavisukuma kwa vidole na vinageuka, kisha unahesabu. Mimi nasema chukua mwanzi mrefu, ufunge vipande vya kamba za mgomba kila baada ya sentimita mbili, upandishe kwenye ukingo wa paa. Atakayeruka atavipangusa. Hutapata nusu inchi ya Vertec, lakini sifuri utaipata sawasawa, na hiyo ndiyo kazi.

Kuna siku chombo kinashindwa upande wa pili, si mwanzoni bali mwishoni. Mexico City, Oktoba 1968, waamuzi walikuwa na kifaa kipya cha kupimia kuruka chini kwa darubini, kinachotembea juu ya reli pembeni mwa shimo la mchanga. Bob Beamon wa Marekani akaruka. Mwamuzi akaisukuma darubini kufuata alama mchangani, akaisukuma tena, hadi reli ikaisha na alama iko mbele bado. Ikabidi itafutwe tepu ya chuma. Mita 8.90, wakati rekodi ilikuwa mita 8.35. Watu hutaja hewa nyepesi ya mji ule ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho vilima vyetu havifiki, na upepo wa mgongoni uliosomwa mita 2.0 kwa sekunde, yaani pale pale kanuni inapokomea. Ni kweli vyote. Lakini wote walioruka siku ile walivuta hewa ile ile. Mtengeneza reli alikaa mezani akaamua binadamu anaishia wapi. Siku mbili baadaye, katika michezo hiyo hiyo, John Stephen Akhwari wetu aliingia uwanjani wa mwisho katika marathoni, goti limefungwa bandeji, na saa iliyokuwa ikihesabu haikuwa na la kusema juu yake.

Saa nayo ina sifuri yake. Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 na mita 195, na mwisho wake akawa bega kwa bega na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kamera ya mstarini, inayokata picha zaidi ya elfu moja kwa sekunde, ndiyo iliyoamua: Simbu mbele kwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Lakini kamera haikuuliza kichwa cha nani kimefika, wala mguu wa nani. Kanuni inauliza kifua. Waambieni watoto wenu hilo kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, maana kila mwaka namwona mmoja ananyoosha mkono kwenye utepe kama anayeomba chumvi.

Turudi hewani. Muitaliano Carmelo Bosco, aliyefanya utafiti Finland pamoja na kina Paavo Komi, alikuja na hila nzuri mwanzoni mwa miaka ya 1980: usipime umbali kabisa, pima muda. Alitengeneza mkeka wenye nyaya ndani yake, uliounganishwa na saa. Miguu ikiachana na mkeka saa inaanza. Ikirudi, saa inasimama. Kinachobaki ni hesabu ya darasani. Kitu kilichorushwa juu hutumia nusu ya muda kupanda na nusu kushuka, na mvuto wa dunia haumjui tajiri wala maskini. Chukua sekunde ulizokaa hewani, zizidishe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 1.226; jibu ni mita ulizopanda. Nusu sekunde hewani: 0.5 mara 0.5 ni 0.25, mara 1.226 ni 0.31. Umepanda sentimita 31. Mwanafunzi wa kidato cha pili analiweza hilo kwa kalamu.

Sifuri ya Bosco iko wapi? Iko kwenye umbo la miguu. Hesabu yake inaamini kwamba ulivyoondoka ndivyo ulivyotua: magoti yamenyooka, vidole vinatangulia. Sasa mtu akikunja magoti akiwa hewani, kama anayeruka mfereji, miguu inachelewa kufika chini. Akiiba sekunde 0.05 tu, muda unakuwa 0.55, na ukipiga hesabu unapata sentimita 37. Sita za bure. Mkeka hauna macho. Kwa hiyo kwenye maabara utamkuta mtu mwenye shahada amepiga magoti pembeni, anatazama vifundo vya miguu vya watu kutwa nzima.

Hila hiyo ya Bosco ndiyo iliyoingia kwenye simu. Miaka kama kumi iliyopita Mhispania Carlos Balsalobre-Fernández alitengeneza programu iitwayo My Jump, akatumia simu ya iPhone inayopiga picha 120 kwa sekunde. Unarekodi mruko, unatafuta picha ambayo vidole vinaachana na ardhi, kisha ile vinayoigusa tena, na programu inakuhesabia muda wa katikati. Hapa wengi wetu hatuna simu hiyo, na wala haihitajiki. Simu yoyote inayorekodi video na kuirudisha picha moja moja inatosha, mradi ujue inapiga picha ngapi kwa sekunde. Simu nyingi za kawaida ni 30. Ukikosea picha moja tu kwa mruko wa nusu sekunde, umekosea sentimita nne. Kwa 120 kosa hilo ni sentimita moja. Kwa 240, nusu yake. Mwenye simu ya 30 asijidanganye kwamba kijana wake ameongeza sentimita mbili ndani ya mwezi. Simu yake haiwezi kuziona sentimita mbili. Arudi kwenye chaki. Katika hili ukuta wa darasa ni chombo bora kuliko simu ya laki tatu, na nasema hivyo nikiwa nimeishika simu ya laki tatu.

Mkubwa wa vyombo vyote ni jukwaa la kupimia msukumo. Mfaransa Étienne-Jules Marey na msaidizi wake Georges Demenÿ walilibuni Paris katika miaka ya 1880: ubao uliolazwa juu ya mipira iliyozungushwa kama konokono, mrukaji akiukanyaga hewa inakimbia kwenye bomba na kusukuma kalamu ndogo inayochora mstari. Fikirini, mruko umejichora wenyewe! Siku hizi mahali pa mipira pana fuwele za kwatsi zinazotoa umeme zikibanwa. Kampuni ya Kistler ya Uswisi ilianza kuyauza majukwaa hayo mwaka 1969. Jukwaa linakuonyesha mambo ambayo chaki haiyaoni: mtu alijibonyeza chini kwa kasi gani kabla ya kupanda, mguu upi ulisukuma zaidi, goti lililoumia mwaka jana linajificha wapi.

Na chombo hiki cha mamilioni kina sharti moja la ajabu. Kabla ya kuruka simama kimya. Kabisa. Usikohoe, usijitikise, usimtazame mwenzako. Katika muda huo mfupi jukwaa linasoma uzito wako, na uzito huo ndio sifuri ya hesabu yote inayofuata. Ukiyumba kidogo, kosa dogo linaingia mwanzoni na kuzidi kukua kadiri hesabu inavyosonga, kama ile futi yangu iliyolazwa mara tatu.

Nimesema mengi ya kupima, na vijana dirishani wanataka kusikia jinsi ya kuruka.

Katika miaka ya 1960 kocha wa Moscow, Yuri Verkhoshansky, alikuwa akiwatazama warukaji wa miruko mitatu. Aliona kwamba kila wanapotua mguu unabeba mzigo ambao hakuna chuma cha mazoezi kingeweza kuutoa, na mara wanaruka tena. Akafikiri: kama kutua ndiko kunakoujenga mguu, basi tufundishe kutua. Panda juu ya sanduku, usiruke, jiachie tu udondoke, na miguu ikigusa chini ruka juu papo hapo. Waamerika wakaja kuwaona Wasovieti wakipasha misuli kwa kurukaruka, na mwaka 1975 Fred Wilt, mkimbiaji wa zamani aliyekuwa pia mpelelezi wa FBI, akayapa mazoezi hayo jina: plaiometriki. Jina ni zito, jambo ni manati. Ukivuta mpira wa manati taratibu na kukaa nao, mkono unachoka na jiwe linaanguka miguuni. Ukivuta na kuachia mara moja, jiwe linaondoka. Misuli na kano za kisigino ni mpira huo. Muda wa kugusa ardhi usizidi robo ya sekunde. Ukizidi hapo, ule mvutano umeshapotea na unaruka kwa nguvu mpya tupu.

Hapa sifuri ni kimo cha sanduku. Wapo wanaodhani sanduku refu ndilo zoezi bora. Wanapanda mezani, wanadondoka, wanatua kama gunia la muhogo. Njia ya kujua ni ile ile ya chaki. Anza na kimo cha tofali mbili, dondoka, ruka, piga alama ukutani. Ongeza tofali. Alama ikipanda, endelea. Siku alama inaposhuka, sanduku limekuzidi, punguza. Verkhoshansky mwenyewe alitaja sentimita 75 hadi 110, lakini alikuwa akisema na wanaume waliofundishwa kwa miaka. Mtoto wa shule ya msingi asiguse hayo. Mpe kamba aruke. Wasichana wetu wanaoruka kamba wawili wawili wakati wa mapumziko, vidole tu vinagusa, wanafanya kazi ya Verkhoshansky bila sanduku, na wanafanya vizuri kuliko kaka zao wanaowacheka.

Yapo pia maviatu yaliyouzwa sana Marekani, soli nene mbele, kisigino kinaning'inia hewani, na tangazo linaahidi kwamba utaruka kama swala. Waliopima hawakuona faida. Nimemaliza habari yake.

Kuhusu kuruka juu nina onyo moja, na hili si mzaha. Tangu Dick Fosbury aliposhinda Mexico kwa kupita mgongo chini, kila kijana mwenye simu anataka kuruka hivyo. Fosbury aliangukia godoro nene la sponji. Shimo letu lina mchanga uliogandishwa na mvua. Aangukiaye shingo hapo hainuki. Mpaka shule ipate godoro, tutaruka mkasi: mguu mmoja, kisha wa pili, na kutua kwa miguu, kama walivyotua wale vijana wa Nyanza.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni kama Wamasai wanajipima wanaporuka. Swali zuri. Morani wanaruka wima, kisigino hakigusi chini, na wanaowazunguka hupandisha sauti kadiri mrukaji anavyopanda. Sauti ndiyo futi kamba yao. Haina namba wala sifuri, na haijawahi kumdhulumu mtu, kwa sababu hakuna anayetaka kuipeleka wilayani.

Sisi tunataka kwenda wilayani. Kwa hiyo tutoke nje sasa, jua halijawa kali. Ukuta wa upande wa mashariki umeshafagiwa. Mkubwa wa darasa ana chaki. Wawili watashika viwiko wakati wa alama ya kwanza, na nimewachagua wenye sura ya ukali. Kila mmoja ataruka mara tatu na tutaandika ulio bora, pamoja na jina na tarehe, tuje tuupime tena baada ya mavuno ya maharage.

Futi kamba tutakayotumia ni hii hapa mkononi mwangu, ile ile ya mwalimu wangu. Inaanzia saba. Atakayesoma aondoe saba.